Kigelegele cha Bi Saumu

Hakukuwa na mpiga vigelegele kama Bi Saumu, mpaka siku meno yake ya bandia yalipovunjika vipande viwili mbele ya bibi harusi. Tangu hapo akawa anazungumza amejifunika mdomo kwa kanga.

Asubuhi moja alimtazama Nyange, fundi wa meno, akichanganya unga mweupe na plastiki ya rangi ya ufizi.

“Unga gani huo, mwanangu?”

“Chembe ndogo mno, mama, jicho halizioni. Zinaushika ufizi wa bandia usipasuke.”

“Basi tia nyingi.”

“Zikizidi hufanya madonge, ufizi ukavunjika upesi zaidi.”

Akapima tena, taratibu, kama mtu anayepima dhahabu. Akakandamiza mchanganyiko kwenye kalibu yenye meno mapya, akauchemsha, akaung'arisha.

Bi Saumu aliyavaa meno, akafumba macho. Aliogopa kuusikia tena ule mlio wa kupasuka.

“Jaribu, mama.”

Kigelegele kikamtoka, chembamba kwanza, kisha kikajaa chumba na kupita dirishani. Meno yakatulia. Huko nje mwanamke mmoja akaitikia, akafuata wa pili, kisha mtaa mzima, na milango ikaanza kufunguka bila yeyote kujua nani anaolewa.