Kilo za Ijumaa

Drusilla alikuwa amemaliza sahani ya pili ya mboga ya managu, na njaa ilikuwa imekaa palepale kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko njiani.

Ugali wake ulikuwa wa ukubwa wa ngumi, tena ngumi ya mtoto. Kabla ya ugali, supu ya kabichi. Kabla ya supu, glasi mbili za maji. Ndivyo alivyoelekezwa na mshauri wa lishe kule hospitalini, Kisii mjini: ajaze tumbo mboga, maharagwe na maji, lisipate nafasi ya kudai vingine. Miezi mitatu sasa tumbo lilijaa na moyo haukushiba. Mkisii asiyekula ugali hajala, hata ameze shamba zima la sukuma.

"Ongeza kidogo tu," alisema Nyasani, mumewe, akimsogezea kipande cha parachichi.

"Unataka niende Jumatatu na kilo za nani?"

Parachichi, kwa mafuta yake, ndilo lililokatazwa kwanza. Na hapo ndipo hasira zilipompanda, kwa sababu Nyasani alikuwa mpimaji wa banda la kununua parachichi pale Nyaramba, na nyumba yao ilijaa matunda hayo hadi chini ya kitanda.

Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Kanisani alikuwa hawezi tena kupiga magoti. Aliomba amekaa, na alichukia kuomba amekaa. Madaktari wa kubadilisha magoti walikuja mara moja kwa mwaka, na sharti lao lilikuwa moja: asizidi kilo tisini na tano. Mwezi Machi hospitali ilimpima, akawa mia moja na nne. Akikosa Jumatatu hii, ni mkongojo mwaka mwingine mzima.

Nyumbani hawakuwa na mizani. Duka la dawa walikuwa nayo, lakini waliiweka barazani, na wapita njia husimama kukusomea. Kwa hiyo mwezi wa kwanza ulipoisha alimwomba Nyasani ampime kwenye ile mizani ya kukanyagia ya banda.

"Hiyo ni ya matunda, si ya watu," Nyasani alisema.

Aliomba tena, akakataliwa tena. Drusilla aliumia sana. Alijua mume wake anaona haya kusoma uzito wa mkewe mbele ya wapakiaji. Ijumaa moja aliwangoja waondoke mapema kuwahi Sabato, akaingia na kupanda mbele ya Nyasani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tisini na saba. Kilo saba zilikuwa zimeondoka bila hata kuaga. Alirudi nyumbani akiimba.

Halafu zilizobaki zikagoma. Ijumaa iliyofuata, tisini na saba. Iliyofuata, tisini na saba. Kisha tisini na sita, na hapo zikakwama wiki tatu. Kila mara Nyasani aliitazama namba, akakohoa, ndipo akaitaja. Kila mara Drusilla alitoka pale akiwa na kinyongo na kila kiumbe kinachotafuna, ng'ombe wakiwemo. Hata sketi ya kanisani ilimbana vilevile kama mwezi Machi, akailaumu sabuni.

Katika hasira hizo alikutana langoni na jirani yake, Nyangate.

"Mama Purity, niongelee na Baba Purity," Nyangate alisema. "Kwa mizani ya posho mill, pale tunaposagia mahindi, gunia zangu mbili za parachichi zilikuwa kilo mia kamili. Kwake zimekuwa tisini na nne. Hizo sita zimeenda wapi?"

"Parachichi hukauka njiani."

"Njia gani? Kutoka hapa mpaka pale?"

"Mimi nashinda njaa wiki tatu nipoteze kilo moja, wewe umepoteza sita kwa asubuhi moja unalia. Si tubadilishane?"

Nyangate alicheka bila kupenda, na maneno yakaishia hapo. Ni mwanamke asiyeweka kinyongo. Aliahidi hata kumsindikiza hospitalini, maana goti lile halikuwa la kuachwa liende Kisii peke yake.

Ijumaa ya mwisho mizani ilisoma tisini na nne. Drusilla alilia palepale juu yake. Nyasani hakumpongeza. Alisimama akisugua mikono kwa kitambaa.

"Ni lazima Jumatatu?" aliuliza. "Si ungengoja mwaka ujao?"

Drusilla aliona mumewe anaogopa kisu kwa niaba yake, akamhurumia. Usiku huo alimpikia ugali mkubwa wa wimbi, akamtazama akila bila kumwonea wivu hata kidogo.

Jumatatu muuguzi alimwonyesha mizani. Drusilla alivua viatu, akavua sweta, akapanda huku Nyangate amemshika mkono asiyumbe.

"Mia moja," alisema muuguzi.

"Soma vizuri."

"Mia moja, mama."

"Hiyo mizani yenu ni mbovu. Ijumaa nilikuwa tisini na nne."

Muuguzi hakubishana. Aliwapeleka chumba cha pili, kwenye mizani nyingine. Mia moja. Akawapeleka wodi ya akina mama. Mia moja. Kisha akachukua faili, akachora mstari juu ya jina lake, na kumwambia kwa upole kwamba mwaka ujao si mbali.

Drusilla aliketi kwenye benchi, viatu mkononi. Miezi mitatu ya kabichi. Alitaka kumpiga mtu, na hakujua ampige nani.

Nyangate alikuwa bado amesimama. Alikuwa akiitazama ile mizani, midomo ikimchezacheza kama mtu anayepiga hesabu.

"Mama Purity," alisema polepole, "hiyo Ijumaa ulipimwa wapi?"

Mia kamili, tisini na nne: Drusilla alihesabu naye, akaanza kuvaa viatu.