Taa ya Kijani

Taa iliyo juu ya pipa la kuchanganyia rangi iligoma kuwa kijani. Maana yake umeme unaozaliwa thina ya kuyeyushia rangi inapomiminika haukuwa na njia ya kwenda ardhini, na cheche moja ingetosha kulipua mvuke wa thina. Fundi Sikudhani alikwangua ukingo wa pipa kwa ukucha. Kwa ajili ya ugeni, walikuwa wamelipaka rangi pipa zima, hata pale kibanio cha waya wa ardhini kinapotakiwa kushika chuma kitupu.

"Bosi, tukwangue hapa kwanza."

"Uharibu rangi na wageni wako getini?" Msimamizi Kalokola alikichukua kibanio, akakibana kwenye bomba la maji ukutani. Taa ikawa kijani. "Haya, imekubali."

"Imekubali bomba, bosi. Pipa bado."

"Wageni wataangalia taa, dada. Fungua."

Sikudhani aligeuka kuwatazama wenzake. Kila mtu alikuwa anatazama viatu vyake.

Wageni waliingia wakitabasamu, na mmoja akaipiga picha ile taa. Sikudhani akafungua koki. Thina ilianza kutiririka ndani ya pipa, na taratibu vinyweleo vyote vya mkono wake vikasimama, vikaliinamia pipa.