Chungu Hakizungushwi

Miaka ile ya ruksa, soko huria lilipoingia na kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mjini Musoma kikafungwa, Bhoke alirudi Butiama kwa shangazi yake aliyekuwa mfinyanzi. Akaanza kujifunza kazi hiyo, lakini kila chungu alichofinyanga kilipasuka kabla ya kukauka.

"Unafanya kama mashine inakukimbiza," shangazi alimwambia. "Chungu hatukizungushagi. Sisi ndio tunakizunguka."

Bhoke akavua viatu. Akainama, akaanza kuuzunguka udongo kinyumenyume, kiganja kimoja ndani, kingine nje. Mwanzoni miguu iligongana. Kisha pumzi ikatulia, na wimbo wa Kizanaki, ambao shuleni alichapwa kwa kuuimba, ukamtoka taratibu ukifuata hatua zake.

Sauti ilipopanda, kidole gumba kilizama udongoni; iliposhuka, kiliteleza. Wimbo ulipoisha, shingo ya chungu ilikuwa imejaa mawimbi madogo.

Akashtuka. Vyungu vya shangazi vilikuwa na mistari iliyonyooka tu.

"Samahani, shangazi. Ngoja nifute."

Shangazi akamshika mkono. "Mawimbi haya nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

Shangazi akalifuata wimbi moja kwa ncha ya ukucha, polepole, mpaka lilipoishia. Halafu akavuta donge lake la udongo, akavua kandambili.

"Imba tena," akasema.