Barua ya Kumkatalia Digidigi

Nungunungu ndiye aliyekuwa karani wa pori, maana kalamu hazikumwishia mgongoni. Digidigi, aliyekimbia moto kwao, akaja kuomba kibali cha kuishi.

"Unakaa wapi?"

"Popote jua linaponichwea, mzee."

"Asiye na anwani hapewi kibali. Nimekukatalia."

"Sawa, mzee. Nipe barua ya kukataliwa."

"Barua hupelekwa anakokaa mwombaji. Ndiyo sheria."

"Basi nitaisubiri hapa mlangoni."

Siku ya tisa, Nungunungu, aliyechoka kumruka kila akiingia, akachomoa kalamu, akaandika juu ya bahasha: "Digidigi, Mlangoni kwa Karani."

Digidigi akaipokea, akaisoma, akamrudishia.

"Mzee, hii si anwani, tena kwa mwandiko wako?"

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikamsimama, akagonga muhuri kwenye kibali. Tangu hapo humruka kwa adabu.