Shamba la Alizeti la Nungunungu

Sikilizeni, na anayebisha aende akawaulize wanyama wenyewe. Serikali yao ilitangaza ruzuku kwa kila mwenye alizeti shambani. Nungunungu, mvivu ambaye hata jembe likimwona linacheka, hakupanda punje. Mkewe kaapa: ruzuku isipokuja, anarudi kwao.

Basi Nungunungu akaazima vichwa vya alizeti kwa majirani, akavichomeka kwenye miiba yake yote, akajilaza shambani. Akameremeta mpaka jua likaona haya.

Bwana Shamba Korongo akafika kukagua. "Loo! Shamba hili mbona linahema?"

"Ni upepo tu, mzee," shamba likajibu.

Korongo hajafunga mdomo, chiriku, wale walafi waliokuwa wakimaliza alizeti ya kata nzima, wakamshukia Nungunungu. Miiba ikawapokea! Wakaruka na mayowe, wakavuka milima saba bila kugeuka nyuma.

Majirani wakashangilia mpaka mawingu yakadondoka.

Korongo alicheka hadi akakaa chini. "Ndugu yangu, mkulima si wewe. Lakini ipo ruzuku ya kuamia ndege, ya anayewafukuza mashambani, na tangu nianze kazi haijapata mwenyewe. Ni yako!"

Mkewe akaja mbio, akimng'oa maua huku anacheka. "Haya, baba, kuanzia kesho unalala shambani."

"Kulala tu?" Nungunungu akauliza. "Mke wangu, kumbe mimi nilizaliwa mchapakazi!"