Waya wa Antena

Mzee Mbwana alipomwona binti yake ameushika ule waya mweusi wa antena, alimaka.

"Salha, usiukate!"

"Siukati, baba. Intaneti itapitia humu humu mpaka ghorofani."

Zamani Mzee ndiye aliyekuwa akipanda juu ya paa kugeuza antena, na marehemu mkewe akibaki hapa sebuleni mbele ya televisheni, akipiga kelele: "Bado! Geuza kidogo! Hapo hapo, usiguse!"

Salha alifunga kikasha kimoja cha kupitishia intaneti kwenye waya pale chini, akapanda na kingine ghorofani.

"Baba!" aliita kutoka juu. "Taa ya kikasha imewaka kijani?"

Mzee alikuwa amesimama pale pale alipozoea kusimama mkewe. Taa ilikuwa imewaka kijani, imetulia tuli.

"Bado!" akapaza sauti. "Geuza kidogo!"