Muuguzi wa Bandani

Mtunza farasi alimpima mtamba wake, farasi jike mchanga, joto mara tatu, maana hakuyaamini macho yake. Hana homa. Mama wa watu akaketi kwenye nyasi kavu, akalia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Ndani ya wiki tatu alikuwa amezika farasi saba. Walianza kwa homa, wakatokwa makamasi, kisha miguu ya nyuma ikaishiwa nguvu. Naye alifanya yote aliyoagizwa: alichoma matandiko, akasugua kuta kwa dawa mpaka vidole vikachubuka, akapiga marufuku wageni. Ugonjwa ukamcheka tu.

Walibaki wawili. Mmoja ni huyo mtamba, aliyemlea kwa chupa tangu siku ya kwanza na kumpenda kama mwanawe. Wa pili ni Bibi, farasi mkongwe mwenye meno ya kuhesabu na maringo ya bibi harusi. Bibi hakupiga hata chafya. Ndiye aliyekuwa muuguzi wa bandani: mgonjwa akisusa maji, Bibi aliletwa, akazamisha pua ndooni na kunywa kwa raha zake, na mwenzake akafuata.

"Mtoe huyo mtoto humo leo leo," kaka yake alimwambia kwenye simu. Kaka alikuwa na banda lake upande wa pili wa kilima, na farasi kumi na wawili wazima.

"Daktari wa mifugo kasema nisubiri majibu ya vipimo, kaka."

"Majibu yatamkuta kaburini, mdogo wangu."

Akawapakia wote wawili kwenye lori la kwenda kwa kaka. Mtamba alikuwa mwoga wa ugenini. Bila Bibi asingegusa tone la maji.

Alasiri daktari wa mifugo aliingia na karatasi mkononi, hata salamu kaisahau.

"Yule mkongwe yuko wapi?"

"Bibi? Yule si mzima kama chuma! Kwani vipi?"

"Pamba niliyompitisha puani imejaa virusi. Anaishi navyo miaka, yeye havimfanyi kitu. Wenzake ndio..."

Simu ikaita. Ni kaka, tena anacheka.

"Tulia sasa, mdogo wangu, mtoto kanywa. Na huyu Bibi wako ni kiboko! Wangu walikuwa wamesusa maji yenye dawa ya minyoo. Nimemtembeza ndoo kwa ndoo, wamekunywa wote kumi na wawili."